Mlima wa Maboksi ya Sabuni

Mnaponionyesha milima kwenye kioo cha kompyuta, mkiizungusha kwa kidole kama mama anayegeuza chapati, mimi hunyamaza. Mnadhani nimeshangaa. Kweli nimeshangaa, lakini si kwa sababu mnayoidhania. Nashangaa kwamba mlima siku hizi umekuwa mwepesi, haunuki gundi, unaingia kwenye begi la mgongoni, na bado unadanganya kwa namna ileile ulivyodanganya sisi tulipokuwa tukiutengeneza kwa maboksi ya sabuni.

Nisikilizeni basi, nyie mnaosomea ramani. Na hasa wewe Neema, mjukuu wangu, uliyeniletea hiyo kompyuta hapa Unyambwa ukaiweka juu ya gunia la uwele kwa sababu meza yangu ina mguu mbovu. Sitawafundisha kompyuta. Elimu yangu iliishia darasa la saba. Nitawaambia tu jinsi mtu mmoja alivyojenga mlima, na mlima huo ukamhamisha kwao.

Kazi yangu ya kwanza katika ofisi ya ramani ilikuwa kusimama. Msicheke, ilikuwa na mshahara. Nilishika ubao mrefu wenye namba, mpimaji akanitazama kutoka mbali kwa darubini yake ya miguu mitatu, akasoma namba, akaandika, akapunga mkono, nami nikasogea mbele nikasimama tena. Ndivyo kimo cha nchi kilivyopimwa: mmoja anasimama, mwingine anatazama. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walituuliza kama tunapima kaburi la mtu mrefu. Mmoja alinishika mkono akasema, "Pole mwanangu, wamekuadhibu kwa kosa gani?"

Lakini kusimama nako kuna ufundi. Ubao ukiinama hata kidogo, namba inayosomwa inakuwa kubwa kuliko ilivyo, na nchi yote inashuka kwenye karatasi. Kwa hiyo nilifundishwa kuubembeza taratibu, mbele na nyuma, ili mpimaji achukue namba ndogo kuliko zote alizoziona. Hiyo ndiyo ya kweli. Nilipopiga chafya wakati wa kusomewa, Bwana Elias alikuwa akipiga kelele kule mbali, "Sungi! Umeshusha Singida!"

Huyu Elias alikuwa mpimaji wetu, kijana aliyetoka chuoni na viatu vipya. Baada ya muda zikaja picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Unaweka mbili pamoja, unazitazama kwa miwani maalumu, na vilima vinanyanyuka kutoka kwenye karatasi kana kwamba unaweza kuvishika. Elias alifurahi sana. Akakaa ofisini, akachora mistari ya kontua bila kuchafua viatu. Siku moja akachora kilima kidogo, cha mraba, kizuri, na pichani juu yake kuna mbuzi watatu.

Tukaenda kukihakiki. Nyie wa mabati hamzijui tembe zetu vizuri: nyumba ya udongo, na paa lake ni bapa, udongo uliotandazwa juu ya boriti. Masika nyasi huota juu ya paa, na mbuzi hupanda kuzila. Kutoka angani ni ardhi kabisa. Tulipofika, kile kilima kilikuwa na mlango, na mlangoni mama mmoja alikuwa akipepeta uwele.

"Karibuni ndani," akasema.

Elias hakuwahi kukaribishwa ndani ya kilima. Alicheka mpaka akakaa chini na suruali yake safi. Nilimpenda tangu siku hiyo, maana wengi wa viatu vipya wangemlaumu mama kwa kujenga vibaya.

Nawaambia hili kwa sababu hata hiyo modeli yenu ya kidijiti ya mwinuko, inayotengenezwa na chombo kinachopita juu ya mawingu, mara nyingi hupima migongo ya miti na mapaa, si udongo. Neema aliniambia juzi kwamba mahali fulani ardhi imeshuka ghafla. Nikamuuliza kama aliuliza wenyeji. Hakuwa ameuliza. Ardhi haikushuka popote. Watu walikata miti wakachoma mkaa.

Sasa nimtaje Fundi Ntandu, ambaye ndiye ninayemsema tangu mwanzo ingawa sijalitaja jina lake. Alikuwa seremala. Aliajiriwa kutengeneza rafu za kuwekea ramani, akamaliza rafu, na hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke. Akaanza kutengeneza modeli za ardhi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini na maneno yenye pilipili, mzaliwa wa Msambu, kitongoji kidogo kilichokuwa njia ya kwenda Mkiwa. Alikuwa akiishi mjini kwa ajili ya kazi, lakini mama yake, mke wake na watoto walikuwa kule, na kila Jumamosi alipanda baiskeli kwenda kwao.

"Sungi," aliniambia siku moja, "wewe umeshahitimu kusimama. Njoo ukae, nikufundishe kukata."

Kukata kulikuwa hivi. Unachukua ramani yenye kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Unakopi mstari wa chini kabisa kwenye kadibodi, unaikata kwa kisu kwa kufuata mstari. Unakopi wa pili, unaukata, unaubandika juu ya wa kwanza. Hivyo hivyo mpaka kileleni, kama ngazi. Halafu unajaza ngazi kwa plasta laini, unapaka rangi, na una nchi juu ya meza. Kisu lazima kinolewe kila mara. Usikate kwa kujivuta kuelekea kwako. Angalia kidole hiki, hiyo ni alama ya siku niliyosahau. Na usibandike kadi mbichi juu ya kadi mbichi, zitajikunja usiku na asubuhi utakuta tambarare imeota nundu.

Gundi ilikuwa uji wa unga wa ngano. Modeli yetu ya kwanza tuliiacha stoo kwa ajili ya mkutano, na tulipofungua, panya walikuwa wamekula ukingo wote wa Bonde la Ufa. Walianza Manyoni wakapanda kaskazini. Elias alitazama, akasema kwa heshima kabisa, "Mmomonyoko." Fundi Ntandu akajibu, "Mmomonyoko wa Itigi bado, walishiba." Baada ya hapo tukawa tunatia mrututu, ile sumu ya bluu, kwenye gundi, na panya wakahamia idara nyingine.

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na nyie mnalo jina lake refu. Kama modeli ingepaswa kusema kweli tupu, kila kadi ingetakiwa iwe nyembamba kama ganda la kitunguu. Nchi ni pana mno, na vilima vyetu ni vifupi mno. Sisi tulikuwa na maboksi ya sabuni kutoka duka la ushirika. Boksi la sabuni ni nene. Kwa hiyo Singida yote ikainuka mara tano, si kwa sayansi, bali kwa unene wa boksi. Fundi aliita jambo hilo chumvi. Elias alisema chumvi si dhambi, bila hiyo hakuna jicho litakaloona kitu, mradi iwe sawasawa chungu kizima na mlaji aambiwe.

"Sawasawa chungu kizima," alirudia. "Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," akasema Fundi.

Ikaja miaka ya watu kuhamia vijiji vya pamoja. Wengi wenu mmeambiwa habari zake na watu ambao hawakuwepo, wengine wakizisifu mno na wengine wakizilaani mno. Mimi nasema niliyoyaona kwenye meza moja. Iliundwa kamati ya kupanga mahali pa vijiji kwa upande wetu. Mkuu wa kamati hiyo sitamtaja jina, ana watoto na wajukuu, na baadhi yao ni watu wema. Sisi tulimwita Ndugu Fimbo, kwa sababu alitembea na kifimbo cha kuonyeshea vitu. Alipoonyesha kwenye modeli alikuwa akichoma, na kila alipochoma palizaliwa shimo jipya ambalo halikuwepo duniani. Mimi ndiye niliyeyaziba.

Kamati ikaagiza modeli ya sehemu ile, ionyeshwe kwenye sherehe za Saba Saba, halafu itumike kuamulia mambo. Tukaifanya kwa bidii. Karibu na kumaliza, Elias akapita meza kwa meza akilinganisha na ramani, akasimama.

"Fundi, hii kadi ya juu haimo kwenye ramani."

"Hiyo ni Msambu."

"Najua ni Msambu. Haimo."

"Hiyo ni kwetu, Bwana Elias."

"Najua ni kwenu. Ndiyo maana nakuuliza taratibu."

Fundi akaweka kisu chini. "Tazama. Kwetu ni kimgongo tu. Hata kwa chumvi yako, kinaonekana kama mkunjo wa shuka. Wakubwa watapita macho hapo kama wanavyopita na magari yao, bila kusimama. Mama yangu anateka maji mbali mpaka shingo imelala upande. Nataka wasimame pale. Wakisimama watauliza, wakiuliza nitawaambia habari ya kisima."

"Chumvi iwe sawasawa, tulisema."

"Ni kadi moja tu."

Elias akakuna kichwa. Akasema iondolewe. Alfajiri ya kesho yake akaondoka na kikosi kwenda kupima upande wa Manyoni, na kadi ikabaki. Mimi nilikuwa nakoroga gundi. Fundi akaukata ukingo wa kadi ile wima kidogo kwa upande wa barabara, ili kivuli kianguke vizuri, akapaka rangi ya kahawia, akarudi nyuma akatazama kwao kukiwa kumetokeza. Sijapata kumwona mtu akitazama boksi la sabuni kwa mapenzi namna ile.

Siku ya sherehe alivaa koti. Wakubwa wakaingia, wakazunguka meza, na kweli, kama alivyotaka, walisimama.

"Hapa ni wapi?" akauliza Ndugu Fimbo.

"Msambu, ndugu mkuu," akasema Fundi, na akajiandaa kwa habari ya kisima.

"Na watu wanaishi huku juu?"

"Wanaishi, ndugu mkuu, tena ni—"

"Kama nyani?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa karibu na mlango nimeshika kitambaa cha kupangusa vumbi, na nakumbuka nani alicheka na nani hakucheka, maana kazi ya kusimama inampa mtu nafasi.

"Ndugu zangu," Ndugu Fimbo akaendelea, "maendeleo hayapandi ukuta. Trekta litapita wapi hapa? Bomba litapanda vipi? Tunawaacha wananchi wanang'ang'ania majabali kama enzi za mababu." Fimbo ikateremka taratibu kutoka kwenye kadi ya Fundi mpaka chini yake, mahali palipopakwa kijani, laini kama kiganja. "Hapa. Tambarare. Hapa pamekaa kama panatusubiri."

"Hapo ni mbuga, ndugu mkuu," akasema Fundi. "Udongo mweusi. Masika wanaishi vyura hapo."

"Basi vyura nao watahama."

Wakacheka tena, zaidi ya mara ya kwanza.

"Na huo mlima hauko hivyo," Fundi akasema. "Nimeuongeza. Mtu anapanda Msambu akiwa amebeba debe kichwani na anaimba."

Katibu wa kamati akaingilia kwa haraka, kwa tabasamu la makatibu. "Ndugu mkuu, modeli imetengenezwa kitaalamu na ofisi. Huyu ni seremala."

Fimbo ikachoma mbugani. Pakazaliwa shimo. Safari hiyo sikuliziba.

Habari haikukawia kufika Msambu. Jumatatu mama yake Fundi akaja ofisini kwa miguu, kikongwe mwembamba, mwenye shingo iliyolala upande kama alivyotuambia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akauliza, "Huo mlima uko wapi?"

Fundi akamwongoza mpaka mezani. Bibi akautazama kwa muda. Akazunguka upande wa pili, akautazama tena.

"Huu ni wa nchi gani?"

"Ni kwetu, mama."

"Kwetu?" Akainama mpaka pua ikakaribia rangi. "Mbuzi wangu wanapita wapi hapa? Wanaruka?"

"Nimepaongeza kidogo, mama. Nilitaka papendeze."

Bibi akanyoosha mgongo kadiri mgongo wake ulivyokubali. "Pamependeza," akasema. "Sasa tunahamishwa."

Kisha akaongea naye kwa Kinyaturu, maneno machache ambayo nayaelewa na sitayasema. Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akashukuru, akaondoka.

Mchana huohuo Fundi alichukua kisu chake akaenda kwenye ukumbi wa kamati, mimi nikimfuata kwa sababu mtu mwenye kisu na uso ule si wa kuachwa peke yake. Modeli ilikuwa imeshapelekwa pale kutoka ofisini, na Ndugu Fimbo alikuwa pale na watu wake. Fundi alikwenda moja kwa moja mezani. Akaingiza ncha ya kisu chini ya kadi ya Msambu, akaibandua pamoja na plasta na rangi yake, akaishika mkononi kama mtu aliyeng'oa jino.

"Sasa tazameni," akasema. "Hiyo ndiyo Msambu. Mtoto anapanda. Hakuna ukuta. Juu ni pakavu, chini ni mbuga. Ninaomba mtazame upya."

Ndugu Fimbo akatazama kovu jeupe lililobaki kwenye modeli.

"Ndugu fundi, umeharibu modeli."

"Nimeirekebisha."

"Kamati imeshapitisha kwa modeli ilivyokuwa."

Nimelifikiri sana jibu hilo maishani. Nimekutana nalo tena mara nyingi, likiwa limevaa nguo mbalimbali, na nyie mtakutana nalo. Nchi ilikuwa nje, ng'ambo ya dirisha, mtu angeweza kupanda gari akaenda kuitazama kabla chai haijapoa. Lakini kamati ilikuwa imepitisha boksi.

Elias aliporudi kutoka Manyoni alimkasirikia kwanza Fundi, halafu wengine, kwa mpangilio huo. Hakukaa kimya. Alitafuta karatasi nyembamba kabisa, ile ya kuchorea inayopitisha mwanga, tukakata modeli nyingine isiyo na chumvi hata punje, nchi kama ilivyo. Tuliifanya kwa pumzi iliyozuiwa, maana ukipumua ilipeperuka. Elias akaipeleka mwenyewe kwa kamati, akaeleza vizuri, kwa adabu, kwa namba. Ndugu Fimbo akapitisha kiganja juu yake.

"Mmeniletea kitambaa cha meza?"

Na kusema kweli, ndivyo ilivyoonekana. Hapo ndipo nilipoelewa kitu kimoja, na sijafurahi kukielewa: uongo wa boksi ulionekana kutoka mlangoni, na ukweli haukuonekana hata ukiukalia. Muda si mrefu Elias akahamishiwa mkoa mwingine. Walimfanyia sherehe ndogo na soda.

Watu wa Msambu wakahama kiangazi hicho. Walibomoa tembe zao, wakabeba boriti zao wenyewe kuteremka nazo, kwa sababu boriti nzuri haiachwi. Fundi angeweza kubaki mjini, alikuwa mtumishi, hakuna aliyemgusa. Akaomba likizo, akateremka na mama yake, akamjengea tembe kwenye mstari ulionyooka ambao kamati ilipima kwa kamba. Nilikwenda siku moja kumsaidia kukandika. Udongo wa mbuga ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa unavimba na kusukuma kila kilicho juu yake. Ukuta wa upande wa chini ulikuwa umeshapasuka kabla hata ya mvua, na Fundi alikuwa akiziba ufa kwa udongo ule kila jioni, na kila asubuhi ufa ulikuwa umerudi.

"Weka paa la nyasi," nikamwambia. "Jepesi."

"Nyasi ziko juu, Msambu. Huku kuna majani ya vyura." Akacheka. Halafu akasema, akiwa ananipa mgongo, "Mimi nilitaka wasimame tu, Sungi. Nilitaka wasimame."

"Walisimama, Fundi."

"Walisimama, ndiyo."

Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha sikuwepo. Nasema nilivyoambiwa na mama yake. Paa la udongo lilikunywa maji likawa zito. Ukuta wa chini ukaanza kusogea. Fundi akawatoa mama na mke na watoto, akawapeleka kwa jirani, wote wakiwa na maji mpaka vifundoni. Kisha akarudi ndani kuiwekea boriti nguzo, maana ilikuwa boriti ya baba yake. Seremala haiachi boriti ianguke akiwa anaitazama. Iliangukia juu yake pamoja na paa lote.

Tulimzika huko huko, mahali palipoinuka kidogo pembeni ya mbuga, kwa sababu mvua ilizuia kumpandisha. Ndugu Fimbo alikuja. Lazima niseme alikuja, tena kwa miguu sehemu ya mwisho, kwa sababu gari lilizama. Alisema maneno marefu, akamwita marehemu shujaa wa ujenzi wa taifa. Wakati wa chakula, mama yake Fundi mwenyewe alimpelekea maji ya kunawa, akammiminia mikononi taratibu mpaka yakaisha. Naye akanawa, akala.

Ningependa kuwaambia kwamba ile kadi ya Msambu ninayo mpaka leo. Ingenogesha hadithi. Sina. Niliichukua nikaiweka juu ya kabati nyumbani, na mke wangu, ambaye naye sasa ni marehemu, akaiwashia jiko. Kwake lilikuwa boksi la sabuni. Sikumlaumu, maana ndilo lilivyokuwa.

Baadaye hali ilipolegea, watu wa Msambu walirudi juu, mmoja mmoja, bila kutangaza, wakiwa na boriti zao mabegani. Bibi alirudi akafia huko, akazikwa huko. Mwanawe yuko chini. Kutoka kaburi moja mpaka jingine ni kimo cha kadi tatu za sabuni, au kwa ukweli, maganda matatu ya kitunguu.

Jana jioni Neema alinionyesha kazi yake. Anatafiti makorongo ya upande wa Mkiwa. Anachukua ardhi ya zamani, anaitoa kwenye ardhi ya sasa, na kinachobaki ndicho kilichoondoka na maji. Ni kazi nzuri, na nilimwambia hivyo. Kesho atakwenda kuionyesha kwa wakubwa, wachague mahali pa kuchimba bwawa. Modeli ilikuwa imesimama kwenye kioo kama Kilimanjaro.

"Umetia mara ngapi?" nikauliza.

"Nini, babu?"

"Chumvi."

Akacheka. "Mara tano. Bila hivyo haionekani. Lakini nimeandika pale chini, na ni sawasawa kila mahali."

"Wataisoma?"

Akafikiri. Ni mtoto mkweli. "Hapana."

"Basi fanya hivi. Ukiwa mbele yao, wakiwa wameshashangaa, irudishe kwenye moja. Ishuke wakiwa wanaitazama. Halafu uwaambie kwamba hii ndiyo mnayokwenda kuichimba."

"Watasema kioo kimeharibika."

"Waache waseme. Wakisema hivyo, waombe gari, uwapeleke."

"Na wakikataa?"

Nikamwomba aishushe kwanza nione. Akavuta kitu kwa kidole, na vilima vyote vikalala chini kimoja baada ya kingine, mpaka kioo kikawa sawa kama mkeka. Niliinama. Nikatafuta barabara ya Mkiwa, nikaifuata mpaka kwenye kona, nikatoka kushoto kidogo.

"Hapa," nikasema, nikaweka kidole.

Neema akasogea. "Hapa pana nini, babu?"

Kidole changu kilikuwa kimefunika kimgongo chote, na mbuga, na makaburi mawili. Hakuna kilichobaki nje.

"Toa kidole," akasema. "Siwezi kuona."